Kubadilisha bushi za mauntingi ya injini kwa bushi ngumu zaidi wakati wa sevisi

Injini haifungwi moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Baina ya chuma cha injini na chuma cha gari kuna vishikio viitwavyo mauntingi, na ndani ya kila kimoja pana mpira, yaani bushi. Mpira huo umepewa kazi mbili zisizopatana: kuishika injini isitembee ovyo, na papo hapo kuiachia itembee kidogo ili mtetemo wake usifike kwenye kiti cha dereva. Mtengenezaji wa gari huzipima kazi hizo mbili na kwa kawaida huegemea upande wa utulivu, kwa kuwa mnunuzi husikia kelele siku ya kwanza, ilhali ulegevu wa injini huugundua baada ya muda, na wengine hawaugundui kabisa. Anayeweka bushi ngumu zaidi anaurudisha mzani upande wa pili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuurudisha kwa kiasi, wakati ambapo gari limeshafunguliwa kwa sevisi ya kawaida na sehemu kubwa ya kazi ya kufungua imeshafanyika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana ndio unaoongoza mpangilio wa hatua zote: anza na mauntingi inayozuia injini isijipinde, na usiguse zile zinazobeba uzito wake mpaka uwe umeliendesha gari kwa wiki kadhaa na kuona kwamba bado kuna haja. Wengi hununua seti nzima, wakazifunga zote kwa siku moja, kisha wakashangaa dashibodi ikilia kama debe lenye misumari kila wanaposimama kwenye taa.

Mauntingi ipi inafanya kazi gani

Magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana injini iliyokaa kwa upana wa gari, ikishikwa na mauntingi tatu au nne. Mbili ziko juu, moja upande wa mikanda na nyingine upande wa giaboksi, nazo ndizo zinazobeba uzito. Ya tatu iko chini, mara nyingi kwa nyuma: ni mkono mfupi wenye tundu la bushi kila upande, wenye umbo la mfupa, unaounganisha sehemu ya chini ya giaboksi au ya injini na fremu ndogo inayobeba mikono ya magurudumu. Mkono huu haubebi uzito wowote wa maana. Kazi yake ni kuzuia injini isibembee mbele na nyuma dereva anapokanyaga mafuta au anapoachia. Katika magari mengine kazi hiyo hugawanywa kati ya mauntingi ya mbele na ya nyuma.

Nguvu inayoukabili mkono huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua injini ya kawaida yenye msokoto wa Nm (nyutoni-mita) 150. Ikiwa gia ya kwanza inauzidisha msokoto huo mara 3.5, na gia ya mwisho kwenye difu (sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu) mara 4, magurudumu yanapata takriban Nm 2,100, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Kwa kuwa difu imo ndani ya giaboksi ileile, msokoto wote huo hurudi kuisukuma injini na giaboksi upande wa pili. Ikiwa umbali kati ya mauntingi za juu na mkono wa chini ni sentimita 40, bushi ya mkono inapokea zaidi ya nyutoni 5,000, sawa na kuning'iniza uzito wa nusu tani. Bushi ya mpira yenye mapengo makubwa katikati haiwezi kukaa kimya mbele ya mzigo huo. Lazima ijikunje, injini ibembee, na dereva ahisi mshtuko kwenye lever ya gia.

Gari lenye injini iliyolala kwa urefu na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina hali tofauti. Difu yake iko nyuma, imeshikwa kivyake, kwa hiyo injini na giaboksi havipokei ule uzidishaji wa gia ya mwisho. Kuna mauntingi mbili ubavuni mwa injini na moja chini ya mkia wa giaboksi, na hiyo ya mkiani ndiyo ya kuanza nayo.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la mauntingi

Bushi ngumu si dawa ya kila mtetemo. Gari linalotetemeka likiwa silensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, kwa sababu plagi moja haichomi vizuri au kuna hewa inayopenya kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) litatetemeka zaidi baada ya kuwekewa bushi ngumu, kwa sababu kile kilichokuwa kikifyonzwa na mpira sasa kinapita moja kwa moja. Kwa hiyo sevisi ya kawaida itangulie: plagi, filta ya hewa, na kusoma kumbukumbu za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Injini ikishatulia ndipo mauntingi zichunguzwe.

Uchunguzi wenyewe unahitaji watu wawili. Gari lisimame pahali tambarare, handibreki ivutwe, magurudumu yawekewe kabari, boneti ifunguliwe, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Mmoja akae kwenye usukani akiwa amekanyaga breki kwa nguvu, mwingine asimame ubavuni akitazama injini. Kwa gari la otomatiki, dereva ahamishe gia kutoka D kwenda R na kurudi, akisubiri kidogo kila mara. Kwa gari la manyuo, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka injini ianze kuvuta, kisha aikanyage tena. Baadaye afanye vivyo hivyo kwa rivasi. Injini yenye mauntingi nzima hujiinua kidogo na kurudi bila kishindo. Ikiruka, ikigonga, au ikibaki imeegemea upande mmoja, mpira umechoka au umekatika.

Kisha ingia chini na tochi. Mpira uliozeeka huonyesha nyufa ndogo ndogo hasa pale unaposhikana na chuma. Uliolowa oili huvimba na kulainika hata ukucha ukaacha alama. Mauntingi nyingine za juu zina kimiminika ndani, na zikipasuka huacha doa jeusi la majimaji kwenye breketi, yaani chuma kinachoishikilia mauntingi. Hizo hazifai kujazwa wala kuongezewa kitu, bali hubadilishwa nzima.

Mauntingi iliyokatika ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la starehe. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors iliitisha magari ya Chevrolet takriban milioni 6.7 kwa sababu mauntingi ziliweza kukatika, injini ikajiinua na kuvuta kiungo kinachotoka kwenye pedeli ya mafuta, gari likaongeza mwendo bila dereva kutaka. Marekebisho yaliyofanywa yalikuwa waya wa chuma wa kuizuia injini isinyanyuke. Mauntingi nyingi za siku hizi zimeundwa ili mpira ukikatika chuma kishikane na chuma, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuendelea kuendesha gari ambalo injini yake inaning'inia.

Kuchagua ugumu

Ugumu wa mpira na wa poliyurethani (plastiki inayonyumbuka kama mpira) hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitu kinavyokuwa kigumu. Mpira wa kiwandani kwa kawaida huwa kwenye 45 hadi 60. Bushi za poliyurethani zinazokusudiwa gari la kila siku huwa takriban 65 hadi 80, na za mashindano hufika 90 na kuendelea. Rangi isikudanganye: kila mtengenezaji ana rangi zake, na bushi nyekundu ya mmoja inaweza kuwa laini kuliko ya manjano ya mwingine. Tafuta namba.

Hata namba haitoshi, kwa sababu umbo nalo lina neno lake. Bushi ya kiwandani yenye mapengo makubwa pande mbili ni laini sana upande wa mapengo hata kama mpira wenyewe ni mgumu kiasi. Ukiyajaza mapengo hayo kwa vipande vya poliyurethani vyenye Shore 70, umeongeza ugumu mara kadhaa bila kuutoa mpira wa zamani. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayejaribu mara ya kwanza, kwa sharti kwamba mpira wa ndani bado ni mzima. Njia ya pili ni kuitoa bushi yote na kuingiza ya poliyurethani iliyogawanyika vipande viwili pamoja na silivu ya chuma katikati, yaani bomba fupi ambamo bolti hupita. Njia ya tatu, ya kununua mkono mzima ulio tayari, ni ya haraka, ila gharama yake ni kubwa zaidi.

Sababu ya kutokimbilia namba kubwa ni ya kihesabu kabisa. Injini ya silinda nne huwasha mara mbili katika kila mzunguko mmoja, hivyo kwenye silensa ya raundi 750 kwa dakika inatoa misukumo 25 kwa sekunde. Mauntingi huanza kuzuia mtetemo pale tu misukumo inapozidi mtetemo wa asili wa injini juu ya mpira wake kwa takriban mara 1.4. Tuseme mtetemo huo wa asili ni 10 kwa sekunde: mpira unazuia chochote kilicho juu ya 14, na misukumo 25 ya silensa inazuiwa vizuri. Sasa ugumu ukiongezwa mara nne, mtetemo wa asili unapanda mara mbili hadi 20, na kizuizi kinaanzia 28. Ile misukumo 25 haizuiwi tena; inakuzwa. Gari lilelile, injini ileile, lakini kioo cha nyuma kinatetemeka hata taa za gari la nyuma huonekana mbili mbili. Hesabu hiyo ndiyo inayoufanya mkono wa chini uvumilie ugumu kuliko mauntingi za juu, kwani haubebi uzito, na injini ikiwa silensa kwenye gia huru msokoto unaoufikia ni mdogo. Gari la otomatiki hulalamika zaidi, kwa kuwa likisimama kwenye D mkono huo unabaki umevutwa.

Vifaa na bolti

Jeki ya sakafuni na stendi mbili imara, jeki ya pili ya kuishika injini, kipande cha ubao mnene, spana na soketi za kutosha, mpini mrefu, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), brashi ya waya, msasa, msumeno wa chuma, jiliwa au presi, mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya silikoni, miwani ya kinga na glavu. Grisi ya kawaida ya petroli isikaribie mpira wa zamani, maana huuvimbisha. Kama bushi mpya zimekuja na kipakiti cha grisi, tumia hiyo.

Soma kitabu cha ufundi cha gari lako kabla ya kununua, hasa ukurasa wa nguvu za kukazia. Ukiona bolti imeandikiwa kukazwa kwa Nm kisha kuzungushwa kwa digrii, kwa mfano Nm 40 na kisha digrii 90, hiyo mara nyingi ni bolti ya kutumika mara moja: huvutwa mpaka inarefuka kidogo, na haifai kurudishwa. Weka mpya mkononi kabla hujafungua ya zamani.

Kuunganisha kazi na sevisi

Sevisi ya kubadilisha oili ndiyo wakati mwafaka wa mkono wa chini, kwa sababu gari limeshainuliwa na ngao ya chini imeshatolewa. Mauntingi ya upande wa mikanda ina wakati wake mwingine: katika injini nyingi zilizokaa kwa upana haiwezekani kubadilisha taimingi beliti bila kuifungua. Kama unajua taimingi beliti inakaribia, subiri. Hakuna maana ya kufungua breketi ileile mara mbili.

Hatua za kazi: mkono wa chini

Hatua ya kwanza ni kuliweka gari. Lisimame kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe kabari, mbele iinuliwe kwenye sehemu zilizoainishwa na kitabu, kisha iteremshwe juu ya stendi. Litikise gari kwa mikono kabla ya kuingia chini. Jeki peke yake haimlindi mtu. Ekzosi ipoe pia, kwa kuwa mkono huu mara nyingi uko sentimita chache tu kutoka bomba lake.

Toa ngao ya chini, safisha bolti za mkono kwa brashi ya waya, kisha zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu. Hapo ndipo sevisi inapokusaidia: fungua plagi ya sampu (chombo cha oili chini ya injini), uache oili itiririke, na wakati oili inamwagika yale mafuta yanapenya kwenye nyuzi. Maliza kazi ya oili upande wa chini, ufunge plagi na filta mpya, ndipo urudi kwenye bolti. Zile zilizokuwa zimegoma kabisa mara nyingi huwa zimekubali.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha ya mkono ulivyokaa, na kwa rangi au chaki chora mstari mahali breketi inapokutana na fremu. Matundu mengine ni marefu kuliko bolti, na tofauti ya milimita mbili inaweza kuifanya injini ikae imevutwa upande mmoja.

Sasa weka jeki ya pili, ubao juu yake, chini ya mwili wa giaboksi. Usiiweke katikati ya sampu: ya bati hubonyea na kuziba mdomo wa kuvutia oili, ya aluminiamu hupasuka. Kwa mkono wa chini injini haitaanguka, kwani inaning'inia kwenye mauntingi za juu, lakini bolti ikitoka itataka kubembea. Kwa hiyo jeki hapa iguse tu, isiinue. Fungua bolti ya upande wa injini kwanza, kisha za upande wa fremu. Bolti iliyokwisha kulegea lakini inakataa kutoka inabeba mzigo. Inua au shusha jeki kidogo kidogo, hata milimita moja kwa mara, huku ukiizungusha kwa vidole, na itafika mahali itazunguka bila kulazimishwa. Kuigonga kwa nyundo kunaharibu nyuzi ambazo mara nyingi zimechongwa kwenye aluminiamu.

Mkono ukiwa mkononi, itazame bushi kwenye mwanga. Ya gari lililokwenda kilomita nyingi huonekana imeshuka: silivu ya katikati haipo tena katikati, pengo la upande mmoja limezibana na la pili limeachama kama mdomo. Ingiza bisibisi pana kwenye pengo na ukandamize taratibu. Nyufa zilizokuwa zimefichika zitafunguka. Kama ufa umepita unene wote wa mpira, vipande vya kujazia havifai. Badilisha bushi au mkono mzima.

Kwa aliyechagua vipande vya kujazia, kazi iliyobaki ni fupi: safisha mapengo kwa kitambaa kikavu, paka grisi ya silikoni kidogo, na uvisukume vipande mpaka vikae sawasawa na uso wa bushi. Vikigoma, vitumbukize kwenye maji ya moto kwa dakika kadhaa, uvikaushe, ujaribu tena vikiwa bado na joto.

Kwa aliyechagua kuitoa bushi yote, presi ndiyo njia safi. Tafuta bomba au soketi yenye kipenyo kidogo tu kuliko gamba la nje la bushi kwa upande wa kusukumia, na nyingine pana ya kuipokea upande wa pili. Asiye na presi anaweza kutumia jiliwa kubwa kwa mpangilio uleule. Gamba likigoma, toboa mpira kwa drili kuzunguka silivu mpaka utoke, kisha pitisha ubao wa msumeno ndani ya tundu, ufunge msumeno upya, na ukate gamba kwa urefu mahali pamoja. Hapa sikio lina kazi kuliko jicho. Chuma chembamba cha gamba kinalia kwa sauti kali na nyembamba. Msumeno unapokaribia kupenya, sauti hushuka na unga unaotoka hubadilika rangi, hasa kama mkono wenyewe ni wa aluminiamu. Simama hapohapo. Kilichobaki kibonyeze ndani kwa tindo na gamba litajikunja lenyewe. Mkwaruzo wa kina ndani ya tundu la mkono ni mwanzo wa ufa, na mkono wenye ufa hautengenezwi. Usichome mpira kwa moto, ingawa utaona watu wakifanya hivyo: moshi wake ni sumu, na uko chini ya gari lenye mafuta.

Safisha tundu kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwama. Paka grisi ndani ya tundu na kwenye kila uso wa poliyurethani, ingiza nusu moja kutoka kila upande, kisha silivu mwishoni, nayo ikiwa imepakwa grisi nje. Poliyurethani haijashikamana na chuma kama mpira wa kiwandani ulivyoshikamanishwa. Huzunguka juu ya silivu, na ndiyo sababu bushi kavu hulia kama mlango mkuukuu. Silivu inapaswa kuchomoza kidogo sana pande zote mbili kuliko poliyurethani, au iwe sawa nayo. Ikiwa imezama ndani, bolti itaibana bushi badala ya kuibana silivu, na bushi haitaweza kuzunguka.

Rudisha mkono mahali pake na uingize bolti zote kwa vidole kwanza. Usikaze hata moja. Zikishaingia zote, shusha jeki ya injini na uiondoe kabisa, kisha itikise injini kwa mkono mbele na nyuma mara kadhaa ili ijitafutie mahali pake pa kupumzika. Sasa kaza: bolti za breketi kwenye fremu kwanza, kwa kufuata mistari uliyochora, na ile inayopita katikati ya bushi mwisho, kila moja kwa kipimo cha kitabu. Ikiwa kitabu cha gari lako kinataja mpangilio mwingine, kifuate hicho.

Hatua hiyo niliiruka mara ya kwanza nilipofanya kazi hii. Nilikaza kila kitu jeki ikiwa bado imeisukuma giaboksi juu, na gari likatoka likitetemeka hata pete ya funguo ikawa inagonga usukani. Nilitaka kuilaumu bushi. Nililegeza bolti tatu, nikaitikisa injini, nikasikia mkono ukisogea kwa mlio mdogo, nikakaza upya. Kazi ya dakika kumi, na zaidi ya nusu ya mtetemo ukaondoka.

Mauntingi za juu, kama zinahitajika

Utaratibu ni uleule ila kwa tofauti moja kubwa: hizi zinabeba uzito. Jeki na ubao lazima vichukue uzito wa injini upande husika kabla bolti ya kwanza haijalegea, na mkono wa mtu usiingie kati ya breketi na bodi. Fungua mauntingi moja, ibadilishe, ifunge, ndipo uende nyingine. Tazama mabomba ya kiyoyozi, hosi za rejeta na waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kwani injini ikiinuliwa sentimita tatu hivyo ndivyo huvutika kwanza.

Ugumu hapa uwe mdogo kuliko wa mkono wa chini. Mpira wa mauntingi za juu huzilinda pia breketi zenyewe: mshtuko ambao zamani ulimalizikia kwenye mpira, kwenye bushi ya Shore 90 unamalizikia kwenye aluminiamu ya breketi au kwenye nyuzi za bolti. Gari la safari za familia halina sababu ya kubeba mzigo huo.

Kuwasha na kujaribu

Jaza oili, washa injini, na kabla ya kushusha gari kagua kama ekzosi, shafti au hosi yoyote inagusa mahali ambapo zamani haikugusa. Injini inayobembea kidogo inahitaji nafasi ndogo, lakini injini iliyosogezwa na bushi mpya huenda imeikaribia ngao ya joto.

Kisha pima mtetemo kwa mpangilio, si kwa hisia za jumla: silensa bila mzigo, silensa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na kwa otomatiki silensa kwenye D ukiwa umekanyaga breki. Hali hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo utakayoishi nayo kila siku. Weka glasi ya maji iliyojaa nusu juu ya dashibodi, uichukue video fupi katika kila hali. Kama ulifanya hivyo pia kabla ya kuanza kazi, utakuwa na kitu cha kulinganisha badala ya kumbukumbu. Barabarani, sikiliza pale unapoachia mafuta na kuyakanyaga tena kwenye gia ya pili. Kile kishindo cha kuchelewa kinapaswa kuwa kimekwisha, na gia zipite kwa wepesi zaidi.

Mtetemo hupungua kiasi katika kilomita mia chache za kwanza, bushi zinapojikalisha. Kama baada ya hapo bado unasumbua, usianze kwa kutafuta namna ya kupandisha silensa, ambayo katika magari mengi ya sasa inaendeshwa na kompyuta. Legeza bolti na uzikaze tena injini ikiwa imetulia. Ikishindikana, toa vipande vya kujazia upande mmoja tu wa bushi, kama umbo lake linaruhusu, au shuka kwenye Shore ya chini. Mlio wa mkwaruzo wakati wa baridi au baada ya mvua ni dalili ya grisi iliyokwisha, wala si ya bushi mbovu.

Baada ya kilomita 500 hivi, rudi chini na ukague bolti kwa macho. Ukizikazia, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi, ili katika kila sevisi inayofuata utazame tu kama mstari umekatika. Bolti za kukazwa kwa digrii zisiongezewe hata robo mzunguko. Ikiwa mstari wake umesogea, hubadilishwa. Mkono wa zamani, kama ulinunua mzima, ufunge kwenye mfuko pamoja na karatasi iliyoandikwa tarehe na kilomita, uuweke mahali pakavu, maana atakayelinunua gari hilo huenda akautaka siku ya kwanza atakaposimama kwenye foleni.